Naomba ushauri: Crohn inamrudia mdogo wangu kila akipata nafuu

Habarini ndugu zangu. Mdogo wangu wa kike, naishi naye Nkuhungu hapa Dodoma, ana ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo. Mwanzoni alitibiwa kama TB ya utumbo, maana dalili zinafanana sana, hadi alipofanyiwa kolonoskopi (kamera ya kuangalia ndani ya utumbo mpana) na kipande cha nyama ya utumbo kikapimwa. Anatumia azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ugonjwa ukilipuka anaongezewa prednisoloni ya kupunguza uvimbe, kisha daktari anaipunguza taratibu.

Ukilipuka, tumbo linamkata chini upande wa kulia, anaharisha usiku kucha, anakonda mpaka sketi inafungwa kwa pini. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, tumeacha, tuliambiwa inaweza kuuamsha.

Kinachonisumbua zaidi ni chakula. Kwetu ni ugali wa uwele na mlenda, na akizidiwa ugali ule hauwezi kabisa. Anavumilia uji laini wa mchele na viazi vya kuponda. Bibi anaona tunamnyima chakula, inaniuma.

Wenye uzoefu, mnamlisha nini mgonjwa ili nguvu zirudi? Na anauza kwenye duka la nguo sokoni Majengo: amwelezeje bosi wake habari ya kukimbilia choo kila mara bila kudhalilika? Tafadhali, msinishauri aache dawa anywe mizizi.