Mrejesho: sabtaito za VLC zilizokuwa zinatangulia sauti

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini sabtaito (maandishi ya maneno yanayosemwa) zinatangulia sauti kwenye VLC, programu ya kuchezea video, tena zimekaa chini mno hadi TV inazikata. Mama hasikii vizuri, anategemea kusoma.

Kubonyeza herufi H kwenye kibodi, ambayo huzichelewesha milisekunde 50 kila mara, kulisaidia mwanzoni tu. Kufika katikati ya filamu, Mama anasoma jibu wakati swali bado halijaulizwa. Aliyesema nikague fremu (idadi ya picha zinazopita kila sekunde) ndiye aliyepatia: video ni fremu 23.976 kwa sekunde, faili la SRT, lile lenye maandishi ya sabtaito, lilitengenezwa kwa 25. Hapo kuchelewesha pekee hakutoshi, mwachano unazidi kukua. Nimelibadilisha kwa Subtitle Edit, programu ya kurekebisha sabtaito, sasa linakwenda sawa mpaka mwisho.

Kuzipandisha, niliingia mipangilio ya sabtaito ndani ya VLC, nikaweka pikseli 60, nikahifadhi, nikaifunga na kuifungua upya. Zimepanda.

Filamu ya pili imeshindikana, maandishi yake yamechomwa ndani ya picha yenyewe, hayasogei. Natafuta kopi nyingine.

Asanteni sana ndugu zangu. Jana Mama kaangalia filamu nzima bila kuniuliza "kasemaje?"