Gardaland na Disneyland Paris na watoto: Aprili au Disemba? Pembea zinafungwa lini?

MamaSwabra_Mld
Asalaam aleikum wana jamvi, hamjambo nyote. Naomba msaada wenu manake kichwa kishaanza kuniuma. Dadangu ameolewa Italia anakaa Verona na ametualika, mimi na mume wangu na watoto wawili, mmoja ana miaka tisa mwengine mitano. Tangu waambiwe nyumba haikaliki, wanataka Gardaland, ile mbuga ya michezo ya huko, na yule mkubwa ameona video ya ile pembea ya reli inaitwa Raptor basi ndiyo wimbo asubuhi na jioni. Na dadangu asema tukishafika huko tupitie na Disneyland ya Paris.

Sasa taabu yangu ni tarehe. Baba yao yuko hoteli na mwajua kazi za hoteli hapa Malindi, Agosti na Disemba Wataliano wamejaa hata ruhusa ya siku moja hapati, nafasi yake ni Pasaka ikishapita hoteli zikifungwa kwa masika. Watoto nao shule zafungwa Aprili. Lakini Disemba likizo ni ndefu, akijitahidi pengine aombe mapema. Halafu jirani yangu ananiambia ati Gardaland hufungwa miezi mizima, na hata ukikuta iko wazi waweza kuambiwa pembea uliyoifuata iko kwenye ukarabati. Ni kweli? Nauli ya watu wanne si mchezo, sitaki mtoto afike mpaka kule asimame nje ya kamba anatazama mafundi. Mliokwenda nielezeni.

Mbarani_Brescia
Waaleikum salaam dada. Mimi mtu wa Barani hapo hapo Malindi ila naishi Brescia, Gardaland kwangu si mbali. Kutoka Verona mwapanda treni mwashuka Peschiera del Garda, nje ya stesheni kuna basi la bure mpaka getini.

Jirani yako amesema kweli ila mambo ni mawili na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni msimu. Gardaland hufunguliwa mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, inakwenda mpaka Halowini, Disemba wanafungua siku kadhaa za Krismasi hadi mapema Januari, baada ya hapo ni kufuli mpaka Machi. La pili ni ukarabati wenyewe, na ule mkubwa wanaufanya hapo hapo kwenye kufuli, baridi kali, hamna watu, mafundi wanafungua mabehewa wanakagua magurudumu na breki na viungo vya chuma wanapiga rangi. Ni kama hoteli za nyumbani tu, Mei waona zimefungwa watu wako juu wanabadilisha makuti, Julai wageni wanakuta kila kitu kipya.

Kwa hivyo mimi Disemba sikushauri kabisa. Utaingia ndio, mataa mazuri, lakini pembea za maji kama Jungle Rapids na Fuga da Atlantide kwa kawaida wakati huo hazifanyi kazi, na jua linazama saa kumi na nusu hivi. Mtoto aliyezoea bahari ya Malindi ukimsimamisha kwenye foleni na ile baridi ya ziwani atalia kabla hajafika mbele. Aprili ndiyo yenu. Mbuga imetoka kukarabatiwa, hali ya hewa si mbaya, foleni hazijawa zile za Ferragosto, sikukuu yao ya katikati ya Agosti, na Ferragosto sote twaijua manake nusu yao huja kwetu.

Ila chagueni siku. Jumatatu ya Pasaka wanayoiita Pasquetta, tarehe 25 Aprili sikukuu yao ya ukombozi, na 1 Mei, siku hizo msisogee, Italia nzima iko barabarani. Nendeni Jumanne au Jumatano. Fungua kalenda kwenye websaiti yao, kila siku imeandikwa iko wazi au imefungwa na kuanzia saa ngapi, na kuna sehemu wanaandika pembea gani haifanyi kazi. Iangalie kabla hujakata tiketi na uirudie wiki ya safari.

Na Raptor mpime mtoto kwanza! Hiyo ni ya 2011, viti viko nje ya reli kama mabawa, kulia na kushoto, miguu inaning'inia chini hamna kitu, basi masharti ya kimo hawacheki na mtu. Asimame ukutani bila viatu upige alama, ulinganishe na websaiti. Yule mdogo msimtie hofu, ana Ortobruco, ile treni ya kiwavi, na upande wa Peppa Pig, hatapungukiwa.

BiRukia_Shela
Mwanangu MamaSwabra, hongera kwa mwaliko. Mimi niko Lamu, kijana wangu yuko Ufaransa na wajukuu nimewapeleka Disneyland. Huyo wa Brescia amesema vyema ila Paris ni hesabu nyingine. Ile haifungwi mwaka mzima, na kwa kuwa haifungwi ukarabati wao wanauzungusha, leo hii kesho ile, kwa hivyo hakuna mwezi utakaokwenda ukute kila kitu kiko wazi, hilo liweke moyoni mapema.

Na wakifunga si siku mbili. Big Thunder Mountain, ile treni ya mgodini iliyo kisiwani, ilifungwa mwisho wa 2015 ikarudi Disemba 2016, walikausha mpaka maji ya ziwa. Phantom Manor, ile nyumba ya mizimu, ilifungwa Januari 2018 ikafunguliwa Mei 2019. Mwaka 2021 ilikuwa zamu ya kasri lenyewe la waridi, wakalifunika kwa turubai kubwa lililochorwa picha ya kasri, watu wakawa wapiga picha mbele ya turubai. Sasa fikiria msichana aliyetoka Malindi kuja kuona kasri tu.

Basi wewe fanya hivi mwanangu. Waite watoto, kila mmoja akutajie pembea moja ambayo akiikosa atanuna mpaka uwanja wa ndege. Moja tu. Kisha tazama orodha ya kufungwa, wenyewe wanaitoa miezi kadhaa mbele. Zikiwa zile mbili ziko salama, nenda, mengine ni nyongeza. Ikiwa moja imefungwa, mwambie mtoto sasa hivi nyumbani, achague nyengine. Mtoto akijua mapema hana tabu, kinachomuumiza ni kuambiwa pale getini. Vimo navyo kwa mita ni hivi: Big Thunder 1.02, Crush's Coaster 1.07, Hyperspace Mountain 1.20. Mdogo wako huenda akapata mbili za mwanzo. Na ile mbuga ya pili pale pale, tangu 29 Machi 2026 inaitwa Disney Adventure World, ina upande mpya wa Frozen, foleni zake ziwahini asubuhi.

Omari_wa_Watamu
Mimi nafanya kazi za tiketi na nitasema tofauti kidogo na Bi Rukia, kwa heshima zake. Likizo ya Aprili ya shule ni wiki chache tu, kuweka Verona na Paris pamoja ni kuwachosha watoto. Treni ya Milano kwenda Paris imerudi tangu 31 Machi 2025, baada ya maporomoko ya 2023 kufunga reli, lakini ni kama saa saba na bado hujahesabu Verona mpaka Milano. Kama ni mimi, Gardaland siku mbili, Paris safari nyengine.

Na visa ije kabla ya tiketi za tarehe maalum. Visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, moja inawatosha Italia na Ufaransa, mnaomba ubalozi wa nchi mtakayokaa zaidi, na mwaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla. Tangu Juni 2024 mtu mzima ni euro 90, wa miaka tisa 45, wa mitano halipi.

Kuna kufungwa kwengine hakumo kwenye orodha yoyote. Rolakosta reli yake imegawanywa vipande na treni mbili haziruhusiwi kuwa kipande kimoja, sasa kihisi kimoja kikitoa habari isiyoeleweka mtambo wote unajisimamisha wenyewe mpaka fundi aje akague. Upepo na radi vilevile. Ndiyo maana nasema siku mbili, ikisimama leo mna kesho.

MamaSwabra_Mld
Mashallah, Mungu awalipe kheri nyote. Nimempima jana na futi ya fundi cherehani, nimelinganisha na websaiti, Raptor anaingia, amepiga kelele mpaka kwa jirani. Mdogo amechagua Ortobruco kwa sababu ya yule kiwavi. Tumekubaliana na baba yao Aprili, Gardaland siku mbili, Jumanne na Jumatano baada ya Pasaka, Paris tumeiacha. Bi Rukia usinune, zamu yake itafika. Swali la mwisho, geti likifunguliwa tuanze wapi?

Mbarani_Brescia
Raptor moja kwa moja, msisimame kununua kitu wala kupiga picha na Prezzemolo, yule joka wa mbuga. Baba aende na mkubwa, wewe na dadako mpelekeni mdogo Ortobruco, mkutane hapo baadaye. Na tembeeni na jaketi, Aprili asubuhi ziwani bado kuna baridi.