Vitu vipya vya ndani vya Beetle ya 1968 havikai: nivilazimishe au nirudi kwa vya zamani?

BintiMuheza

Wakuu, habari za jioni. Nina Volkswagen Beetle 1300, namba ya chasisi inaanza na 118, usukani kulia. Ilikuwa ya marehemu babu, aliitumia miaka yote alipokuwa kwenye mashamba ya mkonge. Injini inanguruma vizuri na bodi imeshapigwa rangi. Nimefika ndani, na hapo ndipo kazi imegoma.

Niliagiza seti nzima kutoka duka moja la mtandaoni nje ya nchi: paneli za milango, dari, kapeti, kava na sponji za viti, na raba za madirisha. Wao waliandika kwamba inaingia Beetle zote. Kwenye paneli, tundu la mpini wa kupandishia kioo limepishana na mahali pake kwa upana wa kidole, na klipu zinacheza. Ubao ni hadibodi nyepesi, na baada ya mvua moja tu kona ya chini ilianza kuvimba. Kapeti imekatwa kwa ajili ya usukani wa kushoto, kwa hiyo nafasi ya pedeli iko upande wa abiria. Raba za madirisha ya pembeni ni fupi: nikiingiza kona moja, nyingine inachomoka. Dari limejaa mikunjo juu ya kioo cha nyuma. Sponji za mbele zimeniinua mpaka mapaja yanagusa usukani. Halafu kipande cha ile vinyl nyeupe (ngozi ya plastiki) nilichokiacha barazani kimeshageuka njano.

Duka linasema kitu kikishajaribiwa kwenye gari hakirudi. Vya zamani ninavyo vyote stoo, vimechanika na kukakamaa, lakini havijapotea. Nikate na kutoboa hivi vipya mpaka vikae, au nifufue vile vya babu? Ningependa atakayefungua mlango akute gari lile lile.

Kilindini

Pole dada. Hilo la kapeti hutalimaliza kwa mkasi. Viwanda vingi vinavyonakili vitu vya Beetle vinalenga wanunuzi wa Marekani na Ulaya bara, na huko usukani ni kushoto. Ukitafuta vya kulia, elekeza macho Uingereza, Australia na Afrika Kusini. Beetle ziliunganishwa Uitenhage, Afrika Kusini, hadi 1979, zote za usukani wa kulia, na kule bado kuna watu wanaozihudumia. Muulize muuzaji kwa maandishi kabla ya kulipa: kulia au kushoto, na mwaka gani. Akikujibu tena kwamba inaingia zote, huyo muache.

Hizo raba nadhani najua zimetoka wapi. Mwaka wa modeli wa 1965 Ujerumani walipanua madirisha ya Beetle. Brazil hawakufuata: wao waliendelea na madirisha madogo ya zamani mpaka walipofunga kazi kabisa 1996. Raba iliyotengenezwa kwa gari la Brazil haiwezi kulizunguka dirisha lako la 1968, hata uivute namna gani. Ukizivuta zikafika, zitapasuka kwenye kona jua likizishika. Mimi zangu nilizipata za vipimo vya Kijerumani na zimekaa vizuri tangu siku ya kwanza.

Fundi wa Viti, Ilala

Binti, kwanza nikushukuru kwa kutotupa vya zamani. Nimeshona viti vya magari tangu ujana wangu, na kila wiki naletewa gari ambalo mwenyewe amechoma moto vitu vya asili kwa sababu mzigo mpya umefika bandarini. Kipande cha zamani, hata kiwe kimeoza, kina vipimo vyote ndani yake. Kile cha dukani kina vipimo vya mtu ambaye pengine hajawahi kuliona gari lako. Kwa hiyo jibu langu ni fupi: tengeneza upya ukifuata vya babu, na hivyo vipya vifanye malighafi.

Namba yako inasema mengi. Nyanyua kiti cha nyuma utaiona imegongwa juu ya handaki la katikati, ule mgongo wa bati unaopita katikati ya sakafu. 11 ni Beetle ya paa la chuma, 8 ni mwaka wa modeli 1968. Mwaka wao ulianza Agosti, kwa hiyo gari lako huenda lilitoka kiwandani mwishoni mwa 1967. Ukiandikia duka lolote, anza na tarakimu hizo.

Paneli: usiongeze tundu kwenye ile hadibodi, itakuwa wavu. Toa vinyl yake taratibu. Laza ubao wa zamani juu ya plaiwudi nyembamba isiyoogopa maji, chora kwa penseli kali, toboa matundu ya klipu kwa kipimo cha klipu zenyewe. Pande zote mbili na kingo paka vanishi, kingo zaidi, maana maji huingilia hapo. Sasa sikiliza: ule uvimbe wa kona si kosa la ubao peke yake. Mlango wa gari hunyeshewa kwa ndani. Maji hupita kando ya kioo, hushuka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini. Kiwandani waliweka karatasi isiyopitisha maji kati ya bati na paneli, na wapaka rangi wetu wanaitoa hawairudishi. Bandika nailoni nzito, ncha yake ya chini iingie ndani ya mlango ili maji yarudi kule. Vitundu vya chini vizibue kwa waya. Usipofanya hivyo, hata paneli ya dhahabu itaoza.

Viti: sponji hiyo weka pembeni. Ndani ya kiti cha asili utakuta manyoya na nyuzi zilizogandishwa kwa mpira, ambazo hupitisha hewa na hulala chini ya uzito wako. Sponji ya bei rahisi kwanza inakuinua, kisha baada ya muda inasagika kuwa unga. Wewe uko Tanga, na usumba wa nazi upo karibu yako kuliko mtu mwingine yeyote humu. Usumba uliochambuliwa vizuri, ukapuliziwa maziwa ya mpira na kukandamizwa kwenye umbo la kile cha zamani, unakaa miaka. Kati ya springi na usumba weka gunia zito la katani, lishonwe kwenye springi, la sivyo waya utakula kila kitu kutoka chini. Nimevifanya viti vingi hivi na sijaona sponji inayovishinda kwa joto la pwani.

Kuhusu rangi, hiyo vinyl imeshaanza kufa. Vinyl nzuri ina mafuta ya kuilainisha. Ya bei rahisi huyapoteza haraka, ikakakamaa, ikasinyaa na kupasuka, na yale mafuta ndiyo yanayoonekana kama ukungu kwenye kioo cha mbele asubuhi. Tafuta vinyl ya mashua, imetengenezwa kwa ajili ya jua na chumvi. Nakushauri hili kwa moyo wote kwa sababu natamani kuona magari haya yakikaa vizuri, na mara nyingi yanaharibiwa na vitu vipya.

BintiMuheza

Shikamoo mzee. Nashukuru sana, nimesoma mara mbili. Kilindini asante, nimeangalia: mfuko wa zile raba umeandikwa Brazil kweli. Nimeingia stoo, paneli za babu zote zina alama za klipu zinazosomeka. Kwa dari je? Vinyl yake yenyewe naiona nzuri, ya vitundu vidogo kama ile ya zamani.

Mgeta

Naingilia kidogo dada kabla mzee hajajibu, maana umetaja viti na usumba. Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Springi za kiti ni chuma. Akikaa mtu mzito, springi ikagusa vichwa vyote viwili vya betri, inawaka, na juu yake kuna usumba mkavu. Magari ya hivi yameungua. Hakikisha kile kifuniko cha betri kipo, na usinunue betri ndefu kuliko ya asili. Kama kifuniko kimepotea, kata kipande cha raba nene kifunike betri yote, ukifunge kisitembee.

Fundi wa Viti, Ilala

Marahaba binti. Mgeta amesema jambo la maana kuliko yote niliyoandika mimi, lifanye kwanza.

Dari kama vinyl ni nzuri usilitupe. Mikunjo ya nyuma mara nyingi inatokana na zile fito za waya zinazopita kwenye mifereji ya kitambaa. Hazilingani urefu. Ukibadilisha mbili tu mahali, kitambaa kinalegea huku na kukaza kule. Chukua za babu, zipange sakafuni kwa umbo la paa, uzifunge vikaratasi vya namba kuanzia mbele. Dari litandaze juani saa sita mchana mpaka lilainike, kisha lifunge likiwa bado na joto. Anzia katikati, vuta mbele na nyuma, mwisho pembeni, ukishika kwa vibanio vya nguo. Gundi isiguse kitu mpaka mikunjo yote iishe.

Vioo visirudishwe kabla ya dari. Kingo za dari hukunjwa juu ya bati la dirisha, na raba ndiyo inayozibana. Kwa hiyo subiri raba za vipimo sahihi zifike, na kwa sasa endelea na viti.