Binti yangu amezaliwa nyota ya Mula: ni kweli huangusha nyumba?

MamaRuashi

Jambo wandugu. Naomba mwenye kujua unajimu wa Wahindi anisaidie, maana nyumbani kumechafuka.

Ninauza kwenye duka la vitambaa la Mhindi hapa Lubumbashi mjini. Mke wa bosi ni mtu mwema. Tulikuwa tunaongea habari za watoto, akaniuliza binti yangu alizaliwa lini na saa ngapi. Karneti ya maternite ninayo, imeandikwa saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Mpwa wake akaingiza kwenye programu ya simu, ikatoka: Mwezi ulikuwa Mula, pada ya kwanza, digrii 0 na dakika 12 za Mshale. Madamu akakaa kimya kidogo, halafu akasema kwao mtoto wa hivyo hufanyiwa ibada siku ya 27, na kwamba pada ya kwanza humgusa baba. Hakusema kwa ubaya.

Jioni nikamsimulia bwana yangu, na mama mkwe alikuwa pale anasikia. Basi! Bwana yangu aliachishwa kazi mgodini mtoto akiwa bado mdogo, na sasa mama mkwe anasema sababu imepatikana. Anataka tumpeleke kwenye chumba cha maombi, mtoto afunge kula. Ana miaka minane.

Tabia yake niwaambie. Juzi alifungua redio ya babu yake kwa kisu, akapanga skurubu kwenye sahani ya bati, kubwa mbele, ndogo nyuma, akatazama ndani, akarudisha vyote. Redio inaongea. Ila skurubu moja ilibaki, akakataa kula bukari mpaka ajue ilitoka wapi. Kanisani alimuuliza pasta sadaka inaenda wapi, mbele za watu. Ukimwambia nyamaza, anauliza kwa nini anyamaze.

Hizo ndizo tabia za Mula? Na nyota ya mtoto inaweza kumfukuza baba kazini?

Katuba_Mkristo

Mama, achana na nyota, soma Isaya 47:13. Huyo mtoto hana shida, ana akili. Na usimfungishe kula, mtoto wa miaka minane hafungi.

Kisanga_71

Jambo mama. Mimi nilisoma Pune, kule India. Mzee mwenye nyumba niliyopanga ndiye aliyekuwa anapigia mtaa mzima hesabu za nyota, na jioni nilikaa naye barazani mpaka nikajifunza. Tangu nirudi Lubumbashi sijaacha. Nitakuandikia kwa urefu, jambo la mtoto haliendi kwa mistari miwili.

Wahindi wanaigawa njia ya Mwezi mafungu 27, kila fungu digrii 13 na dakika 20, na kila fungu lina pada nne, yaani robo nne. Mwezi hukaa karibu siku moja katika kila fungu. Mula ni la 19, mwanzoni mwa Mshale, na nyota zake ndizo zile za mkia wa nge unazoziona huku kwetu zikipanda juu sana usiku wa kiangazi. Wazee wa falaki wa pwani wana manzili 28, na manzili yao ya 19, Shaula, ni mkia huohuo.

Mungu wa Mula ni Nirriti, mungu mke wa uharibifu. Mtawala wake ni Ketu, ambaye si sayari bali ni mahali Mwezi unapokata njia ya Jua ukielekea kusini. Alama yake ni mizizi iliyofungwa pamoja. Kutokana na hayo tabia zinasomwa hivi: mtu wa Mula haridhiki na jibu la juujuu, atachimba. Uongo anaunusa. Kitu kilichojengwa vibaya atakibomoa bila huruma, hata kama ni chake mwenyewe. Ndiyo maana wanasema hufaa kuwa mganga wa dawa za miti, mtafiti, mpelelezi. Upande wa pili ni ukaidi, maneno yanayokata, na kuacha watu au kazi ghafla bila kueleza. Mtoto wa kuuliza pasta habari za sadaka, mzee wangu wa Pune angemcheka kwa furaha kabisa.

Sasa hofu inatoka wapi? Kuna sehemu tatu mbinguni ambapo nyumba ya maji inakwisha na nyumba ya moto inaanza: Kaa na Simba, Nge na Mshale, Samaki na Kondoo. Wanaziita gandanta, yaani vifundo. Mafungu sita yanayogusa vifundo hivyo yanaogopwa, Mula likiwa mojawapo. Ibada hufanywa siku ya 27 kwa sababu Mwezi umezunguka ukarudi palepale, na kwa desturi baba ndipo anapomtazama mtoto uso kwa uso mara ya kwanza. Angalia vizuri, mama: ibada nzima ni ya kumkaribisha mtoto kwa baba yake. Hakuna anayefungishwa kula, hakuna anayeitwa adui. Hofu ikiachwa peke yake bila ile ibada, inabaki sumu tupu, na hiyo ndiyo imeingia nyumbani kwako.

Na Wahindi wenyewe wameonja sumu hiyo. Mapokeo yanasimulia kwamba Tulsidas, mshairi wao mkubwa wa karne ya 16, alizaliwa Mula na wazazi wakamwacha kwa sababu hiyo, akalelewa na mtumishi wa kike. Mtoto huyo aliyetupwa ndiye ambaye mashairi yake juu ya Rama yanaimbwa kaskazini mwa India mpaka leo. Kusini, Watamil huadhimisha kuzaliwa kwa Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani, siku ya Mula katika mwezi wao wa Margazhi, na hapohapo msichana wa Mula akifika umri wa kuolewa, familia za wavulana zinamkimbia eti ataua baba mkwe! Kule Vijayawada, siku ya Mula katika sikukuu ya Dasara umati unajaa kwenye hekalu la Kanaka Durga, maana ni nyota ya Saraswati, mungu mke wa elimu. Nyota ya elimu hiyo. Mwambie mama mkwe hayo, kwa heshima lakini kwa sauti.

Kazi ya bwana yako: hata ndani ya unajimu wenyewe, kazi ya baba inasomwa kwanza katika nyota za baba, siyo za mtoto. Na sote tunaoishi Katanga tunajua kazi za mgodi zinafuata bei ya shaba na kobalti.

Kuna jambo lingine, nalo ni zito. Ile programu iliandikiwa mji gani? Nyingi ukichagua Kongo zinachukua Kinshasa. Saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Mwezi kwa saa moja hutembea zaidi kidogo ya nusu digrii, na binti yako yuko dakika 12 tu ndani ya Mula. Rudieni hesabu kwa Lubumbashi.

DadaKamalondo

Mimi nyota sizijui, ila nafanya kazi na watoto waliofukuzwa kwao. Karibu kila mmoja alianza hivi: baba kupoteza kazi, kisha bibi kupata "sababu". Mama, Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka kifungo. Usimwache aende kwenye hicho chumba hata kwa usiku mmoja. Bwana yako ndiye aongee na mama yake, siyo wewe.

MamaRuashi

Asanteni sana. Bwana yangu nimemsomea yote, amemwambia mama yake chumba cha maombi hakuna, na mtoto atakula. Mama mkwe amenuna lakini amekubali kunyamaza.

Papa Kisanga, ulisema kweli. Ilikuwa Kinshasa. Tumerudia kwa Lubumbashi, imetoka Jyeshtha, pada ya nne, digrii 29 na dakika 39 za Nge. Sasa ni nini tena?

Kisanga_71

Mshukuruni bwana yako.

Jyeshtha ni fungu la 18, na nyota yake ni ile nyekundu katikati ya nge. Mungu wake Indra, mkuu wa miungu, mtawala wake Utaridi. Ni watu wa kujiona wakubwa mapema: wanalinda wadogo, wanabeba mzigo wa nyumba bila kuombwa, wana ulimi mwepesi na akili ya kupanga vitu. Wanaficha machozi. Wanachukia kudharauliwa, na ukimwaibisha mbele za watu atakumbuka mwaka mzima. Zile skurubu kubwa mbele, ndogo nyuma, mimi ningezisoma hapa kuliko Mula.

Sitaki kukudanganya kwamba ametoka kwenye kifundo. Jyeshtha nayo wanaiogopa, hasa kwa ndugu wakubwa. Je, ni mtoto wa kwanza au la? Kama ni wa kwanza, hata hilo halina pa kushika.

Na vipindi vya maisha, ambavyo Wahindi huvihesabu kutoka mahali pa Mwezi wa kuzaliwa: kwa hapo Jyeshtha alianza na Utaridi kwa miezi mitano hivi, kisha Ketu miaka 7. Ketu ndicho kipindi cha kukatika na kupoteza, huwa kigumu kwa mtoto na kwa walio karibu naye. Ana miaka minane, kwa hiyo ameshakivuka. Sasa yuko Zuhura, miaka 20.

MamaRuashi

Ni wa kwanza. Ana wadogo wawili, na huwa anawapakulia chakula yeye kabla sijarudi kutoka dukani.

Kisanga_71

Basi mtafutie bisibisi halali, kisu kitamkata.