Tupeane uzoefu: Kilabu yako ya mtaani ilimpoteza nani, na alipoondoka kitu gani kilikwama?

Mleta mada (Temeke)

Wakuu, habari za jioni. Juzi tumemzika mtu wa timu yetu ya mtaa. Hakuwahi kucheza hata dakika moja, polio ilimchukua mguu akiwa mtoto. Lakini mtaa ulisimama. Wa chipsi wamefunga, bodaboda zimejipanga mpaka makaburini, na vijana waliobeba jeneza wamevaa jezi za timu.

Alikuwa fundi viatu. Mechi ikiwa saa kumi, kuanzia saa nane unamkuta chini ya mwembe pembeni ya uwanja: sindano ya ngozi, uzi wa nailoni, kipande cha nta anachoupitishia uzi kabla ya kuanza. Mchezaji anavua njumu iliyoachia soli, anaitupa pale, anakaa na soksi kusubiri. Hela haulizi. Anauliza kitu kimoja tu, "Jana shule ulienda?" Ukijiumauma unarudishiwa kiatu chako hivyo hivyo kinacheka, ukacheze nacho. Kuna mabeki wa mtaa huu wamemaliza kidato cha nne kwa sababu ya ile sindano, sitanii.

Sasa magazetini tunasoma wakubwa. Patrick Mafisango wa Simba alipokufa kwa ajali ya gari Mei 2012, nchi nzima ilijua. Ali Yanga, yule shabiki wa kujipaka rangi, alipopata ajali Dodoma 2017, habari zilizagaa siku hiyo hiyo. Majirani zetu Kenya walimlilia Isaac Juma, shabiki wa AFC Leopards aliyeuawa nyumbani kwake Mumias Januari 2022. Wote walistahili. Ila mimi leo nawataka wale ambao redio haikuwataja. Jina si lazima, hata la marehemu wetu siliweki, familia bado iko matangani. Semeni alikuwa anafanya nini, na mlijuaje kwamba hayupo.

Mdau wa Tanga

Poleni sana mkuu, Mungu amlaze pema.

Huku kwetu mpira una wenyewe, Coastal Union walichukua ubingwa wa Bara 1988 na wazee mpaka leo wanausimulia kama wa jana. Lakini mimi nazungumzia mchangani. Sisi tulikuwa na mama wa machungwa. Msimu wa machungwa ya Muheza anakuja na tenga zima, anamenya kwa kisu kidogo, ganda linatoka utepe mmoja bila kukatika. Mapumziko kila mchezaji anapata nusu, wapinzani nao wanapata. Refa hapewi mpaka mechi iishe, alisema hataki maneno.

Kazi yake kubwa lakini haikuwa machungwa. Alikuwa benki. Simu, pochi, saa, funguo za pikipiki, vyote anakabidhiwa kabla ya mechi. Pesa anafunga kwenye pindo la kanga, kila mtu fundo lake, simu zinaingia kwenye kapu chini ya machungwa. Hakuandika popote. Filimbi ya mwisho ikilia anagawa bila kuuliza hii ya nani.

Alipofariki tukacheza mechi ya kwanza bila yeye, tumevaa vitambaa vyeusi mkononi, dakika moja ya ukimya imeheshimiwa, kila kitu safi. Simu tukaweka kwenye begi nyuma ya goli letu. Tunatoka mapumziko, begi halipo. Wachezaji kumi na moja na akiba wote hawana simu! Kocha mwenyewe alikaa chini akasema, "Sasa ndiyo nimeamini mama amekufa." Tulicheka na kulia kwa pamoja pale.

Mdau wa Unguja

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Poleni wafiwa.

Wenzangu wa Zanzibar wanajua ligi zetu za vijana, Juvenile, Junior na Central, na wanajua ugomvi wake: umri. Ukifungwa, unakata rufaa kuwa namba tisa wao ana ndevu. Sisi tulikuwa na maalim mmoja, mwalimu wa madrasa, yeye ndiye aliyeweka vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote kwenye kopo la maziwa ya unga. Ukipeleka rufaa yuko mlangoni na kopo lake. Na si cheti tu, atakutajia mama yake mtoto, siku aliyozaliwa ilikuwa mvua ya masika au kiangazi, na mkunga aliyemzalisha.

Sifa yake kwangu ni kwamba alikuwa anatukata hata sisi wenyewe. Mwaka mmoja tulikuwa na mshambuliaji hatari, umri umempita kwa miezi michache, uongozi mzima unataka apitishwe. Maalim akasema kopo halifunguki. Tukatolewa mapema. Watu walimnunia kipindi kirefu, wengine walikuja kusemezana naye kwenye khitma ya mkewe.

Kopo lipo, mwanawe analo. Lakini sasa tukikata rufaa hatushindi, cheti bila ya maalim ni karatasi tu.

Mdau wa Mwanza

Kwetu alikuwa refa. Wa mchangani, hana beji. Alikuwa akikuonesha kadi nyekundu anakusindikiza mpaka nje ya uwanja amekushika bega, anakueleza kosa lako polepole kama baba. Hukuwahi kuona mtu anampiga. Waliomfuata wanapigwa.

Mdau wa Mombasa

Poleni ndugu zetu wa Dar.

Sisi tulikuwa na mzee wa baraza. Kila kijana anayeanza kujiona ameiva anaketishwa, anahadithiwa habari za Feisal, timu ya hapa Mombasa iliyochukua ligi ya Kenya 1965, na namna mji ulivyopokea kombe. Umesikia hadithi hiyo mara ngapi hujui, ila akianza unanyamaza.

Alipotutoka tukaanzisha kombe la kumkumbuka. Nawapa uzoefu huu kwa sababu najua mleta mada na wenzake washaanza kulifikiria. Mwaka wa kwanza lilifana, mshindi alipata mbuzi na seti ya jezi. Wa pili wakaingia wafadhili, jina la mzee likawa dogo chini ya bango. Wa tatu watu walipigana juu ya kiingilio, na mjane wake alikuwa ameketi pale mbele, kwenye kiti cha heshima. Aliondoka kimyakimya. Siku hizi tunanunua mipira miwili tu, tunaipeleka kwake aiombee dua, kisha inakwenda kwa watoto. Hakuna wa kuipigania.

Mdau wa Morogoro

Nasoma nasema hivi, kila marehemu humu ni malaika? Wa kwetu hakuwa.

Alikuwa katibu, mweka hazina, meneja, na mwenyekiti wa kamati ya ufundi, mnaelewa ninachosema. Mchango ukipita kuna fungu la "maandalizi" haliulizwi. Mara kuku mweupe, mara nauli ya mtaalamu kutoka mbali. Risiti za kuku mweupe utazitoa wapi? Mechi ya fainali tulikatazwa kupita mlangoni, tukaruka ukuta wote, kipa akateguka mguu kabla hata hatujacheza. Tukala tatu.

Lakini nilimpenda mzee yule, na mazishi yake nililia. Tatizo lilianza baada ya arobaini. Cheti cha usajili wa kilabu, katiba yenye mihuri, muhtasari wa vikao, vyote viko kwenye sanduku chumbani kwake. Familia ikasema timu ilikuwa inamdai au yeye alikuwa anaidai timu, lijulikane kwanza. Hesabu hazipo. Huku dirisha la ligi ya wilaya linafungwa, na bila cheti hakuna timu. Msimu ule tukakaa nje. Cheti tulikipata baada ya kumtuma imamu na mchungaji waende pamoja. Hesabu mpaka leo hazijulikani.

Kwa hiyo, mleta mada: marehemu wenu aliacha nini cha timu nyumbani kwake? Nenda kaulize mapema, kwa adabu, usiende na kundi.

Mleta mada

Asanteni wote. Mdau wa Tanga umenimaliza na hilo begi.

Mkuu wa Morogoro, karatasi za kwetu ziko kwa mwenyekiti, nimeshahakikisha. Nyumbani kwa fundi kuna njumu tu, gunia zima, za wachezaji ambao hawakurudi kuzichukua. Dada yake amesema zigawiwe kwa watoto. Kombe hatuanzishi, nimeisoma ya Mombasa mara mbili. Siku ya arobaini maveterani watacheza na vijana, kiingilio hiari, kinakwenda kwa ada ya mpwa wake.

Mdau wa Morogoro

Safi. Hela anashika nani?

Mleta mada

Watu watatu, mmoja wao dada wa marehemu. Na daftari liko wazi mezani.

Mdau wa Morogoro

Hapo sawa. Na kuku?

Mleta mada

Kuku wa pilau tu mkuu.