Mafunzo elekezi ya madiwani wapya: siku tatu zitumikeje ili mtu aweze kusoma kabrasha?

MratibuMafunzo

Wakuu, salaam. Nina jukumu la kupanga mafunzo elekezi ya madiwani wapya katika halmashauri ya wilaya hapa Tanzania. Wajumbe ni 34, wa kata 25 na wa viti maalum 9, na fedha iliyopo inatosha siku tatu za ukumbi. Rasimu iliyoko mezani ina mada 12: muundo wa Serikali za Mitaa, utawala bora, itifaki, maadili, uhusiano wa diwani na mtendaji na nyinginezo, kila moja saa moja na nusu, mtoa mada na slaidi zake.

Hofu yangu ni kwamba diwani atatoka pale anajua kueleza maana ya utawala bora, lakini taarifa ya mapato na matumizi ikiletwa ataipitisha kama ilivyokuja. Sifa ya elimu kisheria ni kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo ukumbini atakuwepo mwalimu mstaafu, mnunuzi wa mazao na aliyeishia darasa la saba, kila mmoja na kura yake. Nini kiingie, nini kitoke, na nani afundishe?

Mkaguzi_Daftarini

Mkuu, tazama kalenda kwanza. Uchaguzi ni Oktoba, na ikifika Januari au Februari rasimu ya bajeti ya mwaka unaoanza 1 Julai iko mbele ya baraza. Vijiji na kata viliibua vipaumbele vyake kabla diwani mpya hajaapa. Yaani uamuzi mzito wa kwanza wa mtu huyu ni kupitisha bajeti ambayo hakuiona ikizaliwa. Ndiyo maana siku nzima ya kwanza ningeipa fedha, na ningetumia kabrasha halisi (kitabu cha taarifa za kikao) la robo iliyopita la halmashauri yenu, nakala moja kwa watu wawili, kikokotoo cha simu mkononi.

Anza na asilimia, maana hapo ndipo wengi wanapopotezwa. Taarifa inasema "utekelezaji asilimia 95". Ya nini? Mradi ulitengewa shilingi milioni 400, zikapokelewa milioni 160, zikatumika milioni 152. Gawa matumizi kwa mapokezi, unapata 95. Gawa matumizi kwa bajeti, unapata 38. Hesabu zote mbili ni sahihi: moja inaonyesha kasi ya kutumia kilichokuja, nyingine inaonyesha kama mradi una dalili ya kukamilika. Asiyetenganisha makadirio, mapokezi na matumizi atapiga makofi mahali pa kuuliza. Rudia zoezi hili kwa miradi mitano hata kama wengine wataona unawachosha.

La pili, mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024, na wananchi wanaiulizia kila kona. Kosa la kawaida ni kuchukua asilimia 10 ya mapato yote ya ndani. Unatoa kwanza mapato lindwa, yaani yale yenye kazi maalum kama michango ya afya. Halmashauri ikikusanya milioni 900 na lindwa zikiwa milioni 150, msingi ni milioni 750, mikopo ni milioni 75. Kwa mgawanyo wa 4:4:2, wanawake milioni 30, vijana milioni 30, wenye ulemavu milioni 15. Diwani akishaiweza hesabu hii kwa mkono wake, hatadanganywa na hatawadanganya wananchi kwenye mkutano wa kata.

La tatu ni yatokanayo, yaani ufuatiliaji wa maazimio ya vikao vilivyopita. Chukua mihtasari ya vikao viwili vilivyopita, waorodheshe kila azimio na safu tatu: nani anatekeleza, lini, limefikia wapi. Mtaona maazimio kibao yameandikwa "Mkurugenzi afuatilie", bila tarehe. Azimio la namna hiyo halina mahali pa kumshikia mtu. Wafundishe kulidai liandikwe upya papo hapo, kabla mwenyekiti hajafunga ajenda.

WakiliWaWilaya

Nakubaliana na kabrasha, ila usiitupe sheria yote mkuu. Wengi wanaangukia kwenye mipaka ya madaraka, na kosa la mipaka halisubiri robo ya mwaka. Ninachopinga ni kusoma vifungu vya Sura 287, yaani sheria ya mamlaka za wilaya, ukumbini kimoja baada ya kingine. Gawa watu makundi ya sita sita, kila kundi lipewe tukio na Kanuni za Kudumu (kanuni za kuendesha vikao vya halmashauri), lirudi na jibu na namba ya kanuni.

Matukio matatu yanatosha. Moja: mke wa diwani ana kampuni ya vifaa vya ujenzi, na zabuni ya halmashauri iko kwenye ajenda ya kamati. Anatakiwa kutangaza maslahi kabla mjadala haujaanza, tamko liingie kwenye muhtasari, asichangie wala asipige kura. Kukaa kimya ukidhani kila mtu anajua hakukuokoi. Mbili: mganga mfawidhi analalamikiwa na wananchi, diwani anafika zahanati na kumwambia asije kesho. Hana mamlaka hayo akiwa peke yake. Anapeleka hoja kwenye kikao na menejimenti inajibu kwa maandishi. Tatu: mzabuni anampigia simu "amsemee". Madiwani si wajumbe wa bodi ya zabuni, na ununuzi unapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Kazi ya diwani inaonekana mkataba ukishasainiwa: muda, kiwango, malipo na kilichojengwa.

Tena wapewe nafasi ya kujaza tamko la mali na madeni la Sekretarieti ya Maadili palepale. Kiongozi hulitoa ndani ya siku 30 baada ya kushika wadhifa, kisha kila mwisho wa mwaka, na linagusa mali za mwenzi na za watoto wa chini ya miaka 18 wasiooa wala kuolewa. Kwenye barua ya mwaliko waambieni waje na nakala za hati za viwanja na nyumba, kadi za magari, taarifa za benki na salio la mikopo. Wanaochelewa mara nyingi hawana cha kuficha. Wamekosa karatasi tu, siku zikapita.

KaraniWaKamati_Kilifi

Hamjambo. Huku Kenya wawakilishi wadi wana shida hiyohiyo, na kilichotusaidia kufikiri vizuri ni tarehe za Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, taarifa ya sera ya fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Taarifa ya sera ya fedha bunge lina siku 14 tu za kuijadili. Ukimfundisha mwakilishi bajeti yote wiki ya kwanza baada ya kuapa, Februari ikifika ameshasahau, na siku 14 zinaisha akitafuta ukurasa.

Kwa hivyo, ndugu Mratibu, sioni kwa nini siku zako tatu zifuatane. Mbili sasa, ya tatu ivunjwe vipande vya nusu siku, kila kipande siku chache kabla ya waraka husika kufika mezani. Kichwa cha mtu mzima hushika kile atakachokitumia juma lilelile. Na msiwasahau makarani: mwakilishi hodari mwenye karani asiyejua kuandika azimio bado anatoka mikono mitupu.

MratibuMafunzo

Shukrani sana. Wazo la kuvunja siku ya tatu nalichukua. Sehemu ya fedha afundishe mweka hazina wetu? Ndiye anayezijua takwimu kuliko yeyote.

Mkaguzi_Daftarini

Hapana, na naomba hili ulisimamie kwa nguvu. Mweka hazina na afisa mipango wenu wawepo kujibu maswali, lakini wasiongoze somo. Anayesimamiwa akimfundisha msimamizi wake namna ya kumsimamia, atafundisha adabu ya kikao na kuruka maswali magumu, hata bila nia mbaya. Omba mweka hazina wa halmashauri jirani, au wakufunzi wa Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, na uwatumie makabrasha yenu mapema ili wasije na slaidi za jumla. Mkaguzi wa ndani mpe saa moja na madiwani, menejimenti ikiwa nje ya ukumbi. Aeleze hoja za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali): zipi mpya, zipi za miaka ya nyuma, zipi zimefungwa na kwa kielelezo gani. Hoja inayojirudia mwaka hadi mwaka kwa sababu hati ya malipo "inatafutwa" ndiyo ya kwanza kuulizwa.

Mchana wa siku ya pili watoke ukumbini. Chagua darasa au zahanati inayojengwa kwa force akaunti, yaani halmashauri inasimamia ujenzi yenyewe kwa mafundi bila mkandarasi, kila kundi liwe na BOQ (orodha ya vifaa, kazi na gharama) iliyotafsiriwa Kiswahili, maana nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza na hapo theluthi ya wajumbe mmeshawaacha. Walinganishe vitu vitatu: mifuko ya saruji kwenye hati ya mapokezi, iliyotoka kwa mujibu wa leja ya stoo, na iliyobaki stoo. Iliyopokelewa ukitoa iliyotoka lazima iwe sawa na iliyobaki. Kisha wasome geji (kipimo cha unene) ya bati kwenye BOQ na ile iliyopigwa chapa kwenye bati lenyewe. Wasitoe maagizo kwa fundi. Waandike walichokiona, kipelekwe kwenye kamati inayohusika.

WakiliWaWilaya

Nyongeza kwa wa viti maalum: wasitengewe somo lao la pembeni. Ni wajumbe kamili, na kwenye makundi ya kazi wapeni zamu ya kuwasilisha, la sivyo wenye kata zao watazungumza siku nzima.

Kupima kama mafunzo yamefanya kazi, achana na dodoso la "umeridhika kiasi gani". Baada ya robo mbili fungua mihtasari uhesabu maswali yaliyotaja ukurasa au kasma (kifungu cha bajeti), na maazimio yenye jina la mtekelezaji na tarehe. Linganisha na robo mbili za mwisho za baraza lililopita. Ukikuta hakuna tofauti, kabla ya kuwalaumu madiwani angalia kabrasha linawafikia lini. Likigawiwa asubuhi ya kikao, kurasa 200, hakuna mafunzo yatakayosaidia. Hapo wa kuandikiwa barua ni katibu wa baraza, ambaye ni mkurugenzi mwenyewe.