Mjadala: Santuri za Louis Armstrong zisafishwe mchakacho, au ziachwe zilivyo?

Mleta mada

Rekodi alizofanya mpiga tarumbeta wa jazi Louis Armstrong mjini Chicago na bendi zake za Hot Five na Hot Seven, kuanzia Novemba 1925 hadi 1928, hutolewa upya kila mara, na karibu kila anayezitoa hutangaza kwamba amezisafisha. Kelele ya santuri, yaani mchakacho, imeondoka, sawa. Na tarumbeta je?

Sikilizeni mwanzo wa "West End Blues", 28 Juni 1928. Kwa sekunde kama kumi na mbili Armstrong yuko peke yake: hakuna piano ya Earl Hines, hakuna banjo. Kila noti inaanza kwa pigo la ulimi na kuishia na mkia mwembamba wa mwangwi wa chumba. Mkia huo una nguvu ileile ya mchakacho wa santuri, kwa hiyo programu ikiagizwa ifute mchakacho, huondoka na mkia. Unabaki na noti zilizokatwa kwa mkasi. Msimamo wangu: kusafisha kupita kiasi kumezidhuru rekodi hizi kuliko umri wake.

Na suala hili linazidi kuwa letu sote. Kwa sheria ya Marekani, rekodi zilizotolewa 1923, zikiwemo zile za bendi ya King Oliver ambazo Armstrong alipiga korneti (tarumbeta fupi) ya pili, hazina tena mwenye haki tangu 1 Januari 2024. Zilizotolewa 1926 zitafuata 1 Januari 2027. Yeyote mwenye kompyuta ataweza kuzitoa, na kuziharibu.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hapo nakupinga. Armstrong hakupiga mchakacho. Unatoka kwenye santuri yenyewe: shelaki, utomvu mgumu wa kutengenezea santuri za zamani, ilichanganywa na unga wa mawe ili ihimili sindano nzito ya chuma, na ni unga huo unaosikika. Kuutetea ni sawa na kutetea vumbi kwenye picha ya babu.

Tena tutenganishe mambo mawili. Kuna mipasuko, yaani "tak, tak" ya mkwaruzo, na kuna mchakacho unaovuma mfululizo. Mwingereza John R.T. Davies alikuwa akiondoa mipasuko hata kabla ya kompyuta: alihamishia santuri kwenye tepu, akatafuta mahali penye mpasuko, akakwangua utando wa sumaku hapo kwa wembe. Ni kazi ya mkono, mpasuko mmoja mmoja, na wapenzi wa jazi wanamheshimu hadi leo kwa kazi hiyo. Naye tutamwita mharibifu?

Mtu anayemsikia Armstrong mara ya kwanza kwa spika za masikioni, akipigwa na mchakacho dakika tatu nzima, hafiki kwenye noti ile ya juu ya Si-bemoli anayoishikilia karibu baa nne kwenye kiitikio cha mwisho cha "West End Blues". Tutakuwa tumeilinda rekodi isiyosikilizwa na mtu.

Mchangiaji wa pili

Ndugu zangu, mnagombania sabuni na nguo bado haijaloweshwa. Madhara mengi hutokea kabla programu haijafunguliwa.

Kwanza, sindano. Mfereji wa santuri hizi unahitaji ncha ya milimita 0.076 hivi. Sindano ya santuri ndefu za kisasa ina 0.018 hadi 0.025, kwa hiyo inazama hadi sakafuni mwa mfereji, kwenye taka na mikwaruzo, badala ya kukaa kwenye kuta zenye muziki. Inafaa kuwa na ncha za vipimo kadhaa, maana ncha pana kidogo au nyembamba kidogo hugusa sehemu ya ukuta ambayo sindano za chuma za zamani hazikuila. Badiliko hilo pekee hupunguza kelele kuliko programu nyingi, na halifuti noti hata moja.

Pili, muziki wa santuri hizi umechorwa kushoto na kulia tu. Mtikisiko wa juu na chini ni kelele tupu. Jumlisheni chaneli mbili za kichwa cha stereo, na sehemu hiyo ya kelele hujifuta yenyewe. Ila hifadhini chaneli zote mbili kwanza, kwa biti 24 na hezi 96,000, kwa sababu mara nyingine ukuta mmoja ni mzima kuliko mwenzake.

Tatu, mizani ya sauti. Amplifaya za sasa zina mkunjo wa RIAA, yaani kanuni ya kusawazisha sauti za santuri iliyowekwa 1954, unaoshusha sauti kali kwa karibu desibeli 14 kwenye hezi 10,000. Mafundi wa 1927 hawakuzipandisha sauti hizo walipokata santuri. Ukipitisha "Potato Head Blues" humo, tarumbeta inafunikwa blanketi. Fundi anaongeza sauti kali ili kulifunua, mchakacho unapanda nao, naye anakimbilia programu ya kuufuta. Tatizo amelizaa mwenyewe.

Nne, kasi. Si kila santuri ya "78" ilikatwa kwa mizunguko 78.26 kwa dakika. Iliyokatwa kwa 80 ukiizungusha kwa 78.26 inashuka zaidi ya theluthi moja ya nusu-toni, na tarumbeta linazeeka ghafla. "West End Blues" iko kwenye ufunguo wa Mi-bemoli. Ipimeni kwa piano ya Hines kabla ya kugusa kitu kingine.

Na msioshe shelaki kwa spiriti. Inayeyuka. Maji yaliyochujwa kwa mvuke na tone la sabuni laini yanatosha.

Mleta mada

Hayo yote nayapokea. Lakini mchangiaji wa kwanza ameichukulia mipasuko kirahisi. Davies alikuwa na masikio, programu haina. Hutafuta mruko wa ghafla kwenye wimbi la sauti, na wimbi la tarumbeta likipulizwa kwa nguvu limejaa miruko ya namna hiyo. Kwa hiyo inakula tarumbeta ikidhani ni mkwaruzo, na noti za juu zinatoka zimepasuka. Hatari hiyo inagusa pia zile sauti kama za kwato ambazo mpiga ngoma Zutty Singleton anagonga nyuma ya tromboni kwenye "West End Blues".

Kipimo ni rahisi: programu nyingi hukuwezesha kusikiliza kile kilichoondolewa. Ukisikia wimbo humo, umezidisha. Punguza ukali, na sehemu za tarumbeta zifanye kwa mkono.

Mchangiaji wa kwanza

La mipasuko nimekubali. La mchakacho bado. Sisemi ufutwe wote. Punguzeni desibeli tatu au nne, basi. Wanaofuta kumi na tano hujifichua kwenye "Potato Head Blues", pale bendi inapogonga pigo moja na kunyamaza huku Armstrong akiendelea peke yake. Kati ya noti mchakacho unatoweka, noti ikiingia unarudi nayo, kama mtu mwenye pumu. Kelele isiyobadilika sikio huizoea. Inayopanda na kushuka halisamehe.

Mchangiaji wa tatu

Hamjagusa stereo ya bandia. Miaka ya 1980 Robert Parker wa Australia alizipanua rekodi za namna hii ziwe stereo, na mwangwi juu. Nyingi zilipendwa, na kwa kuondoa kelele alikuwa na ustadi kweli. Lakini mwangwi ule haukuwa wa chumba cha OKeh, kampuni iliyorekodi Hot Five, na msikilizaji hawezi tena kujua nani alikaa mbali na kifaa cha kunasia sauti. Kwenye rekodi hizi umbali huo ni habari: 1923, bendi ya King Oliver iliporekodi studio ya Gennett kule Richmond, Indiana, hapakuwa na maikrofoni, na sauti ya kila mpigaji ilipimwa kwa hatua alizosimama kutoka kwenye pembe ya kunasia.

Pendekezo langu: atakayetoa "Heebie Jeebies", rekodi ya 1926, mwaka 2027 atoe mafaili mawili, ghafi na lililosafishwa, na aandike ukubwa wa sindano, kasi, mkunjo aliotumia na desibeli alizopunguza.

Mchangiaji wa kwanza

Mafaili mawili nayaunga mkono. Ila lililosafishwa litangulie.

Mleta mada

Ghafi litangulie, mkuu. Hapo sisogei.